Kambale mzima nyumbani: Usimmwagie chumvi kabla hajafa, fanya hivi

Umenunua kambale bwawani akiwa hai. Umefika naye nyumbani Nanyala kwenye ndoo, saa zima limepita, bado anachezacheza. Sasa unamuuaje?

Wengi tunammwagia chumvi au majivu, utelezi utoke na afe hukohuko. Wengine wanamwacha sakafuni "afe mwenyewe". Njia zote mbili zinamtesa, na mboga yenyewe inaharibika.

Kwa nini hafi haraka?

Kambale si kama sato. Juu ya matamvua ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya kawaida. Ndiyo maana anaweza kukaa nje ya maji saa kadhaa akiwa hai, mradi ngozi ina unyevu. Ukimwacha "afe mwenyewe", muda wote huo anahangaika.

Mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kuhusu samaki wa kufugwa unataja chumvi, barafu na kumkosesha samaki hewa kuwa njia zinazomtesa, zisitumike pale penye njia nyingine. Unataka samaki apoteze fahamu kwanza.

Hasara ni yako pia

Samaki anayehangaika sana anamaliza nguvu iliyo kwenye misuli. Asidi inaongezeka, anakakamaa mapema na nyama inalegea.

Hatua kwa hatua

1. Mwache kwenye ndoo yenye maji, imefunikwa, iko kivulini, mpaka vifaa viwe tayari.

2. Mshike kwa gunia au kitambaa kilicholowa. Jihadhari na miiba miwili ya mapezi ya ubavuni, karibu na kichwa. Inachoma vibaya.

3. Mlaze mahali pagumu. Piga mara moja, kwa nguvu, juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Mchi wa kinu unatosha. Fuvu lake ni gumu, kwa hiyo ukipiga kwa kusitasita unamuumiza tu.

4. Hakikisha amezimia. Vifuniko vya matamvua visicheze. Ukimgeuza ubavu, macho yasizunguke. Kama bado, rudia pigo hapohapo.

5. Kata matamvua pande zote mbili damu itoke. Usichelewe, maana aliyezimia anaweza kuzinduka.

Mwili ukishtukashtuka baada ya hapo usiogope. Ni misuli tu, mradi umeona zile dalili za hatua ya nne.

Chumvi sasa

Akishakufa, ndipo umpake chumvi au majivu, au ummwagie maji ya moto, kisha ukwangue utelezi. Unapopasua tumbo, kisu kisizame sana, usije ukapasua nyongo ukala mboga chungu.

Na kama kazi hii huiwezi, mwombe muuzaji aifanye palepale bwawani, kwa njia hii hii. Ni bora kuliko kumbeba akihangaika hadi nyumbani.