Kukanda Unga Nyumbani: Mkate, Biskuti na Mchezo wa Watoto

Nyumba nyingi, mijini na mashambani, hukanda unga wa ngano. Hata hivyo mara nyingi mpishi husikitika kwa kuwa mkate wake umedoda, au biskuti zake zimekuwa ngumu kama kigae. Pengine unga wenyewe hauna kosa, ila namna moja ya kukanda imetumiwa kwa kazi mbili zilizo mbalimbali. Yafaa basi tueleze vinyunya vitatu, viwili vya kuoka na kimoja cha watoto kuchezea, pamoja na sababu ya kila jambo. Maana ajuaye sababu hatapoteza unga wake wala hatahatarisha watoto wake.

Kwanza tujue nguvu ya ngano. Ndani yake mna protini ambazo, zikilowa maji na kukandwa, hushikamana zikawa kama utando unaonyumbuka. Unga wa mahindi hauna nguvu hiyo, na kwa hiyo peke yake haufanyi mkate wa kuumuka.

KINYUNYA CHA MKATE. Chukua unga vikombe 3, chumvi kijiko 1 cha chai, sukari kijiko 1 kikubwa, hamira vijiko 2 vya chai, na maji ya uvuguvugu kikombe 1 au kuzidi kidogo. Hamira ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo hunaswa ndani ya utando wa ngano. Ndipo kinyunya huumuka. Maji ya moto huiua hamira. Basi chovya kidole kwanza, na kama maji yanaunguza, yaache yapoe. Kanda kwa muda wa dakika 10, funika kwa kitambaa, weka mahali penye joto mpaka kinyunya kiwe mara mbili ya ukubwa wake wa kwanza. Kikande tena kidogo, kitie katika chombo kilichopakwa mafuta, kiumuke mara ya pili, kisha uoke kwa dakika 30 hivi. Mkate ulioiva ukigongwa chini hutoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito juu ya makaa machache, na makaa mengine yapaliwe juu ya kifuniko, kama wafanyavyo watu wa pwani. Lakini jiko la makaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua.

KINYUNYA CHA BISKUTI. Hapa kazi ni kinyume. Chukua unga vikombe 2, siagi gramu 125, sukari nusu kikombe na yai 1. Sugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, kisha utie sukari na yai. Siagi huufunika unga ili utando ule usipate nguvu. Kwa hiyo usikande sana. Ukisha kushikamana, acha. Sukuma, kata, uoke dakika 12 hadi 15.

KINYUNYA CHA KUCHEZEA. Mwaka 1956 kampuni moja ya Cincinnati, Marekani, ilianza kuwauzia watoto donge laini liitwalo Play-Doh, ambalo asili yake lilikuwa la kusafishia karatasi za ukutani. Mzazi hana haja ya kununua la dukani. Changanya unga vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta ya kupikia vijiko 2 vikubwa, na maji kikombe 1 yakitiwa kidogo kidogo. Maji ya kiazi chekundu yatalipa rangi nzuri. Chumvi hulizuia lisioze upesi. Lihifadhi katika mkebe wenye kifuniko. Mtoto akifinyanga ng'ombe, nyumba au herufi, vidole vyake hupata nguvu ya kushika kalamu. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji.

Hapa pana onyo. Kinyunya hiki si chakula. Chumvi yake ni nyingi mno, na mtoto mdogo akimeza kiasi kikubwa aweza kutapika, kulegea, hata kupatwa na kifafa cha ghafula. Akila, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja. Mbwa naye hudhurika vivyo hivyo. Basi watoto wasichezee bila mtu mzima kuwaangalia, na mkebe uandikwe alama, usiwekwe karibu na unga wa kupikia. Wala vinyunya vya kuoka visionjwe vikiwa vibichi, maana unga mbichi waweza kuwa na vijidudu vya maradhi ambavyo hufa kwa moto tu. Watoto wakimaliza kucheza, na wapishi wakimaliza kukanda, wote wanawe mikono kwa sabuni.