JICHO LIONE, KIDOLE KIGUSE

Mtu afikapo siku ya gulio huko Kayanga au Nkwenda, atamwona mnunuzi wa maharage akiifanya kazi yake. Kwanza huufungua mdomo wa gunia akatazama rangi, ukubwa wa punje, na kama mna uchafu. Kisha huchukua bambo, akalichoma gunia ubavuni, akatoa punje za katikati akaziviringisha kiganjani, pengine akaitafuna moja. Hakusomea kazi hiyo chuoni. Lakini ajua kwamba jicho peke yake hudanganywa na maharage mazuri yaliyowekwa juu, na kwamba bambo peke yake halijui ila pale lilipochoma. Hutumia vyote viwili, kwa sababu fedha aitoayo ni yake.

Tumeanza na maharage, ndugu wasomaji, kwa kuwa neno tutakalo kulisema leo ni lile lile, ijapokuwa bidhaa yenyewe ni chuma. Twataka kusema juu ya spea, yaani vipande vya mashine vinavyotengenezwa kiwandani au karakanani, na namna ya kuvikagua kabla havijafungwa. Wako watakaosema hayo ni mambo ya wahandisi, hayamhusu mkulima wala mfanyakazi wa kawaida. Sisi twasema yanamhusu sana, na tutaonyesha kwa nini.

Msimu mmoja wa kahawa tulifika katika kijiji kimoja cha Kyerwa tukaikuta mashine ya kukoboa imenyamaza. Nje magunia ya kahawa ya maganda yamepangwa hadi usawa wa dirisha, na wenyewe wamekaa juu yake. Shafti ya zamani ilikuwa imelika. Mpya ilikuwa imechongwa katika karakana moja ya mjini, ikaletwa kwa basi, ikalipiwa fedha taslimu. Ilikuwa ikimetameta kama kioo. Lakini beringi ilikataa kuingia. Fundi akaibembeleza kwa nyundo, beringi ikapasuka. Siku tisa mashine ile haikuzunguka. Mzee mmoja mwenye magunia sita, aliyekuwa na mgonjwa hospitalini, hakuweza kungoja. Akaiuza kahawa yake na maganda yake kwa mlanguzi, kwa bei aliyoitaja mlanguzi.

Tulimwuliza fundi kosa lilikuwa kiasi gani. Akachukua kalipa yake, akatuonyesha: shafti ilizidi kwa sehemu 12 za mia moja ya milimita. Unene huo ni kama wa nywele mbili za kichwani. "Ndugu zangu," akasema, "shafti hii ilitazamwa, haikupimwa." Maneno hayo hayajatutoka moyoni hata leo.

Tulitafakari wasomaji. Shafti ya milimita 40 ikizidi kwa sehemu 10 za mia moja ya milimita, beringi haiingii. Ikipungua kwa kiasi hicho hicho, beringi huingia kwa urahisi, lakini shafti hucheza ndani yake, hupata joto, na mwisho huharibu nyumba ya beringi pia. Kati ya kuzidi na kupungua pana njia nyembamba ya sehemu moja au mbili za mia, na ndani ya njia hiyo ndimo mashine inamoishi. Ndivyo ilivyo na ngoma ya chuma inayozunguka ndani ya mashine ya kukoboa: nafasi kati ya matuta yake na kisu ikiwa pana mno, kahawa hutoka na maganda, ikiwa finyu mno, kahawa hutoka vipande vipande, na daraja lake hushuka. Kosa la chuma hulipwa na mkulima.

Wala si kwamba watu wa nchi hizi ni wageni wa chuma. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Speke alipofika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, alivikuta kwa mfalme vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi. Lakini mhunzi wa zama za Bweranyange alifua jembe moja kwa ajili ya mpini mmoja. Mpini usipoingia, aliuchonga kidogo, kazi ikaisha. Ulimwengu wa viwanda ni mwingine. Shafti hutengenezwa mahali pamoja, beringi hutengenezwa katika nchi nyingine ng'ambo ya bahari, na vitu hivyo viwili havionani hata siku ya kufungwa. Kinachovipatanisha ni kipimo tu. Kipimo kikidanganya, hapana mapatano.

Katika nchi zenye viwanda vikubwa, kazi ya kukagua vipande imepewa mashine za namna mbili, nazo zafanana sana na yule mnunuzi wetu wa maharage.

Ya kwanza ni jicho. Ni mashine inayotumia leza, yaani ule mwanga mwembamba usiotawanyika, ambao Theodore Maiman wa Marekani alifaulu kuutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Mwanga huo hutandazwa juu ya kipande kama uzi uliovutwa. Kamera iliyowekwa kando huutazama uzi ule kwa pembe. Penye bonde uzi huonekana umepinda, penye kilima hupinda upande wa pili. Na kompyuta, kwa hesabu ya pembetatu kama ile ya wapima ardhi, hujua kila nukta iko mbali kiasi gani. Kwa sekunde moja mashine hiyo hukusanya nukta maelfu kwa maelfu, hata sura nzima ya kipande huonekana kwenye kioo cha kompyuta, kila kovu mahali pake. Sifa yake ni wepesi, na kwamba haichagui: huona hata kasoro ambayo hakuna aliyeitazamia.

Lakini jicho hilo lina udhaifu wake. Chuma king'aacho huurudisha mwanga ovyo ovyo, na cheusi huumeza, hata mafundi hulazimika kukipulizia unga mweupe ili kionekane. Ndani ya tundu refu mwanga haufiki. Tena usahihi wake mara nyingi huishia kwenye sehemu chache za mia moja ya milimita. Hizo zatosha kwa umbo la ngoma. Hazitoshi kwa kiti cha beringi.

Ya pili ni kidole. Ni kijiti chembamba chenye kitone cha yakuti nchani, kinachogusa chuma polepole. Mara kigusapo, mashine huandika mahali kilipo. Kidole cha namna hiyo kilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi David McMurtry huko Uingereza, wakati wa kutengeneza injini za ile ndege ya Concorde, alipohitaji kupima mabomba membamba pasipo kuyasukuma. Kikifungwa kwenye mashine imara katika chumba kitulivu, kidole hicho hupima kwa mikroni chache, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Huingia tunduni, hakijali mng'ao wala weusi. Ila ni cha polepole, na hakijui ila pale kilipogusa. Kati ya mguso na mguso paweza kufichama ufa au kishimo, nacho kisiwe na habari.

Basi mafundi wenye busara wameviunganisha. Ziko mashine ambazo mkono mmoja hubeba kidole na jicho pamoja. Kwanza kidole hugusa nyuso zilizonyooka na matundu ya bolti, ili mashine ijue kipande kimekaaje. Kisha jicho hupita juu ya sehemu zenye mapindo na kuichukua sura yote. Mwisho kidole hurudi pale palipo na shaka, na penye vipimo visivyosameheka. Matokeo yote huwekwa katika hesabu moja, kama mashahidi wawili mbele ya hakimu mmoja.

Mtu atauliza, kazi ya namna hii itatufaa nini Karagwe na Kyerwa? Na aende Murongo, kwenye Mto Kagera, mkabala wa Kikagati ya Uganda, ambako maji ya mpakani huzalisha umeme. Turbaini ya maji ina mapanga yaliyopindwa, ambayo rula haiwezi kuyapima. Ina na shafti na matundu ya bolti ambayo hayavumilii kosa. Mapanga ni kazi ya jicho, shafti na matundu ni kazi ya kidole. Akitoka huko, na aende kwa wachimbaji wa bati wa Kyerwa wenye mashine za kusaga mawe, au kwenye mashine za kahawa na za mahindi kijijini. Atazikuta nyingi ambazo michoro yake imepotea, na pengine kiwanda kilichozitengeneza kimekwisha kufungwa. Kipande kikilika, hakuna dukani; budi kinakiliwe.

Na hapa pana hatari ambayo kila mfanyakazi yampasa kuijua. Ukikipitishia leza kipande kilicholika, ukatengeneza kingine kama kilivyo, umenakili ugonjwa pamoja na mwili. Mashine haijui kipi ni umbo la asili na kipi ni uchakavu. Yaandika iyaonayo tu. Hapo ndipo kidole kinapotakiwa kugusa mahali pasipolika, kama ncha za shafti na matundu ya bolti, ili kipimo cha asili kijulikane. Na anayejua mahali hapo ni yule aliyekaa na mashine hiyo miaka kumi, aijuaye inalilia wapi na inalika wapi. Leza ikija pasipo mfanyakazi huyo, itatuletea kosa kwa haraka zaidi kuliko zamani.

Liko na jambo la joto. Chuma hutanuka. Mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya vipande vihesabiwe katika joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Shafti ya chuma ya mita moja, ikipimwa juani katika nyuzi 30, huwa imerefuka kwa zaidi ya sehemu 10 za mia moja ya milimita. Anayepima adhuhuri nje ya karakana na anayepima asubuhi ndani ya chumba watagombana bure. Wote wawili wasema kweli, lakini si kweli moja.

Twajua jibu litakalotolewa: mashine hizo ni ghali. Ni kweli, wala hatusemi kila karakana ya Kayanga inunue yake. Jambo la gharama kubwa hufanywa kwa umoja. Huko Burugo, Bukoba, pana chuo cha ufundi stadi cha Mkoa wa Kagera, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2022. Mahali kama hapo pangefaa kuwa na mashine moja ya kupimia yenye jicho na kidole, itakayotumikia wilaya zote za mkoa: leo shafti ya chama cha ushirika cha Karagwe, kesho gurudumu la mashine ya Kyerwa. Vipimo vikipatikana mara moja, vihifadhiwe, vipate kutumika tena mwaka ujao pasipo kuanza upya. Daftari la vipimo vya spea zetu lingekuwa akiba isiyooza.

Lakini kungoja mashine si udhuru wa kukaa kitako. Maikromita na kalipa havigharimu fedha za serikali. Yatupasa tuanze na mambo matatu. Karakana ikabidhipo spea, iandike katika karatasi vipimo vilivyoagizwa na vipimo vilivyopatikana, na aliyepima atie sahihi yake. Chama cha ushirika kisitoe fedha ya mwisho kabla fundi wake hajapima mwenyewe. Na vijana wafundishwao kukereza na kusubu chuma wafundishwe kupima kwa bidii ile ile, kwa maana mkono unaokata pasipo kupima wafanya kazi ya kuharibu.

Mkubwa wa karakana atakayechukia kupimiwa kazi yake, huyo na ashukiwe. Fundi mwema haogopi maikromita, kama muuza maharage mwema asivyoliogopa bambo. Hupimwa kwa sababu kazi yake itabebeshwa riziki ya watu asiowajua. Yule mzee wa Kyerwa hakumjua aliyeichonga shafti, wala mchongaji hakumjua mzee. Ila magunia sita ya kahawa yalipotea kati yao, katika nafasi isiyozidi unene wa nywele mbili.