Karani wa wakili na siku 42

Benki inapoikopesha kampuni na kuchukua mali zake kuwa dhamana, Sheria ya Kampuni ya Tanzania inatoa siku 42 za kuisajili dhamana hiyo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Siku zikipita bila usajili, na mahakama isipoongeza muda, dhamana haina nguvu mbele ya mfilisi: kampuni ikianguka, benki inapanga foleni na wadai wengine wasio na kinga yoyote. Wakili ameshaandaa mkataba, wakurugenzi wametia sahihi, mkopo umetoka. Anayebaki na kazi ya kuhesabu siku, kulipia ushuru wa stempu, kujaza fomu mtandaoni na kufuatilia mpaka cheti kitoke ni mtu ambaye jina lake halimo popote kwenye mkataba. Ni karani wa wakili, au msaidizi wa kisheria kama ofisi nyingi zinavyomwita siku hizi. Katika biashara nzima ya sheria sijaona kazi inayoweza kuleta hasara kubwa hivi huku ikipewa mafunzo haba hivi.

Jina hilo la msaidizi wa kisheria limebeba kazi mbili. Moja ni ya kijijini na mtaani. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, ambako ndiko mirathi, ndoa na madai madogo ya wananchi wengi huanzia. Mjane aliyenyang'anywa mali za marehemu alikuwa na milango michache ya kubisha. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yakaingia kwenye pengo hilo, na wananchi wa kawaida wakaanza kufundishwa misingi ya sheria ili wawasaidie wenzao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikawatambua rasmi, ikaweka msajili na kutaka wapitie mafunzo yanayotambuliwa. Wanaelimisha, wanaelekeza, wanasaidia kupata nyaraka na kuwahimiza wanaogombana wapatane. Hawaruhusiwi kuwawakilisha watu mahakamani kama mawakili, wala kudai malipo kwa wanaowahudumia. Kenya nayo ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na huko shirika la Kituo Cha Sheria limekwenda mbali zaidi kwa kuwafundisha wafungwa wenyewe, ndani ya magereza kama Kamiti na Shimo la Tewa, ili wasaidiane kuandaa rufaa zao.

Kazi ya pili ni ajira ya mshahara katika kampuni ya mawakili, benki, bima au halmashauri, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa. Soko lake ni pana. Orodha ya mawakili Tanzania Bara imeshavuka majina 10,000, na kila ofisi inayofanya kazi ya maana inahitaji mtu wa masijala, mtu wa majalada na mtu wa kukimbizana na tarehe.

Tarehe ndizo roho ya kazi. Chukua rufaa ya madai inayotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Mara nyingi mwenendo wa kesi hauwi tayari kwa muda huo, na kanuni zinalijua hilo: Msajili wa Mahakama Kuu anaweza kutoa cheti kinachoziondoa kwenye hesabu siku zilizotumika kuandaa nakala. Sharti lake ni kwamba barua ya kuomba nakala iwe imeandikwa ndani ya siku 30 na nakala yake imfikie mpinzani. Ni barua ya aya mbili tu. Karani akiipeleka masijala na kusahau kuipeleka kwa upande wa pili, au akaipeleka asirudi na sahihi ya aliyeipokea, miezi yote ya kusubiri inahesabiwa dhidi ya mteja. Rufaa ya mabilioni inaondolewa mahakamani kabla jaji yeyote hajasoma hoja hata moja.

Kiapo kina mtego wake. Pale chini kabisa, kamishna wa viapo anapogonga muhuri, lazima paoneshe mahali na tarehe ya kuapa. Katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, Mahakama ya Rufani ilisimamia sharti hilo bila kulegeza. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka mahakama ziangalie haki yenyewe kuliko ufundi wa taratibu, na kasoro kadhaa zilizokuwa zikiua maombi siku hizi zinarekebishika. Lakini ofisi inayotegemea huruma hiyo inacheza na fedha za watu. Msaidizi mwenye jicho husoma kiapo kuanzia chini kwenda juu: muhuri kwanza, tarehe, mahali, jina la aliyeapa, kisha ndipo maelezo.

Mfumo wa kielektroniki umeondoa foleni za masijala, lakini umekuja na maswali mapya. Kanuni za mwaka 2018 zinasema waraka uliotumwa mtandaoni kabla ya saa sita usiku, saa za Afrika Mashariki, unahesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Wengi wanaishia hapo. Wanasahau kwamba tangu shauri la John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza mwaka 1992 mahakama zimekuwa zikihesabu tarehe ya kuwasilisha kuwa siku ada ilipolipwa, na mabishano ya namna kanuni hizo mbili zinavyokaa pamoja yamegharimu wateja muda na fedha. Msaidizi anayejua kazi hangoji wakili abishane. Anatuma waraka mchana, anapata ile namba ya malipo inayoanza na 99, analipa saa hiyohiyo na kuiweka stakabadhi kwenye jalada kabla hajatoka ofisini.

Ujuzi mwingine ni utafiti. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kunukuu kesi kwa kusikia. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zenye kesi zilizobuniwa na programu ya ChatGPT. Kila kesi inayotajwa kwenye hoja inatakiwa ifunguliwe, isomwe, na ikaguliwe kama haijatenguliwa. Ofisi nyingi zinamwachia msaidizi kazi hiyo. Basi afundishwe kuifanya.

Kuna ujuzi ambao soko halijauamkia bado, nao ni Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ila vyuo na violezo vya ofisi zetu vimebaki kwenye Kiingereza. Ndiyo maana unakuta hati ya madai ambayo mtu mmoja anaitwa mdai katika aya ya pili, mlalamikaji katika aya ya tano, na mleta maombi mwishoni. Mpinzani makini ataugeuza mkanganyiko huo kuwa hoja. Kijana anayeweza kuandika hati ya madai, kiapo na mkataba wa pango kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye istilahi moja tangu mwanzo mpaka mwisho, ana bidhaa adimu mkononi, na ningekuwa mwenye kampuni ningemlipa zaidi kwa hilo.

Siri ya mteja haihitaji maelezo marefu. Nchini Kenya, kifungu cha 135 cha Sheria ya Ushahidi kinamfunga karani wa wakili kwa siri ileile inayomfunga wakili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo hati za viwanja, nakala za vitambulisho na taarifa za benki zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ofisi kama picha za harusi, na zinabaki kwenye simu za watu walioacha kazi zamani.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii anayo milango. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Nairobi, Shule ya Sheria ya Kenya ina stashahada ya wasaidizi wa kisheria. Kampala kuna Law Development Centre, iliyoanza mwaka 1970. Vyuo hivyo vinatoa msingi mzuri wa sheria. Kitabu cha tarehe, ufunguaji wa jalada, lugha ya masijala na ufikishaji wa nyaraka mtu hujifunzia kazini, na kule kazini mara nyingi hakuna aliyepangiwa kumfundisha. Jaribio moja dogo la usaili linatosha kuonesha pengo hilo. Mwambie mwombaji: hukumu imetolewa Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, siku ya mwisho ya notisi ya rufaa ni lini? Siku ya hukumu haihesabiwi, ya 30 inaangukia Jumapili ya tarehe 13 Aprili, kwa hiyo mwisho unasogea hadi Jumatatu. Mwenye stashahada anayekwama hapo si mjinga. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini na kalenda.

Sababu ya uzembe huo wa kutofundisha ni ya kibiashara. Marekani, tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iamue shauri la Missouri dhidi ya Jenkins mwaka 1989, saa za msaidizi wa kisheria zinaweza kudaiwa kwa bei ya soko pale mshindi anapolipwa gharama za wakili. Ofisi inamwona kama chanzo cha mapato, na kumsomesha kunalipa. Kwetu mteja hutozwa ada ya wakili kwa jumla na karani anaingia kwenye gharama za ofisi, sawa na kodi ya pango na wino wa printa. Gharama hupunguzwa, na ya kwanza kukatwa ni mafunzo.

Wateja wakubwa wanaweza kubadilisha hesabu hiyo kesho asubuhi. Benki zina orodha ya mawakili wanaopewa kazi za dhamana, na kila zinapoipitia upya huuliza bima ya wakili, uzoefu wake na ada yake. Ziongeze maswali mawili: nani ndani ya ofisi hiyo anashika kitabu cha tarehe, na nani anakishika mtu huyo akiugua.