Mikono Midogo Wakati wa Jua Kali

Baba na mama, walimu wa shule za chekechea na wa shule za Jumapili, na ninyi dada na kaka mnaoachiwa wadogo zenu nyumbani, maneno yetu ya leo yawahusu ninyi.

Huku Pwani, tangu Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, jua huwaka hata mchanga ukaunguza nyayo. Mombasa katika Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na ndugu zetu wa Garissa na Lodwar wanalijua zaidi kuliko sisi. Tangu saa tano hadi saa tisa mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano yafaa awe kivulini au ndani. Lakini ndani kuna nini? Nyumba nyingi ni chumba kimoja au viwili, kitanda, meza na jiko. Mama ana nguo za kufua na chungu motoni. Basi mtoto hupewa simu, naye hunyamaza.

Hatutaki kumlaumu mama huyo. Hata hivyo yafaa tujue kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasikalie vioo vya simu na televisheni kupita saa moja kwa siku, na walio chini ya mwaka mmoja wasitazame kabisa. Simu hulishughulisha jicho, na kidole kimoja tu. Vidole vingine tisa vimelala. Nao mkono wa mtoto hauzaliwi ukijua kushika penseli. Hujifunza kwa kuchana, kufinya, kuviringisha, kubana na kusokota, kwanza kwa kiganja kizima, kisha kwa ncha za vidole. Ndiyo sababu kuchana karatasi kwa mikono hutangulia mkasi, na kufinyanga donge hutangulia kuandika.

Mtu aliyeliona jambo hili mapema alikuwa Friedrich Froebel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1837 alianzisha kazi yake ya kulea watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Shule zote za chekechea duniani zina deni kwake. Aliwapa watoto udongo wa kufinyanga, karatasi za kukunja, vipande vya kusuka, na kazi moja ambayo kwa maoni yetu inafaa kurudishwa katika kila nyumba ya Pwani: kujenga kwa vijiti na njegere.

Kazi hiyo yafanywa hivi. Chukua njegere kavu (zile ambazo watu wa bara huziita minji), kiasi cha kikombe, uziloweke usiku kucha. Asubuhi zimwage maji, ziache zipate hewa kama saa moja. Kisha chukua ufagio mpya wa chelewa, si ule wa kufagilia, uvunje njiti zake vipande vifupi vya urefu wa kidole. Mtoto achomeka njiti katika njegere, na njegere nyingine upande wa pili. Njiti tatu na njegere tatu zampa pembe tatu, nne zampa mraba, na akiisha kuinua nguzo amepata nyumba. Mwingine atatengeneza samaki, mwingine dau, mwingine jua lenye miale. Njegere zikikauka hunywea na kuzibana njiti, hata nyumba ikasimama yenyewe bila gundi. Mtoto wa miaka mitano aweza kukaa juu ya kazi hii kwa muda ambao utawashangaza wazazi wake. Wa miaka mitatu asipewe, kwa sababu ya njegere na pua yake.

Huyo mdogo ampendaye ni donge. Wengi hulitengeneza kwa unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, na maji pungufu kidogo ya kikombe, yatiwe polepole, ukandwe kama wa chapati. Mtoto ataviringisha nyoka, kasa na kaa, atabandika chanuo kupata magamba ya samaki, au jani kupata mishipa yake. Vitu vyembamba hukauka vizuri kwa siku mbili tatu, vinene hupasuka. Chumvi ni nyingi mno katika donge hili, hivyo mtoto asile. Lakini hapa tuna neno la kusema. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ziko jamaa nyingi za Kilifi, Tana River na kaskazini mwa nchi zilizokosa unga wa kusonga. Mahali penye njaa, au penye mtu aliyeijua njaa, kuchezea unga mbele yake si adabu, hata kama kitabu cha mwalimu kimeagiza hivyo. Udongo wa kichuguu hautozwi bei. Uponde, uchekeche, uutie maji, uukande. Unafinyangika vizuri kabisa, na mtoto hatautamani kwa chakula. Ukimalizika kazi rudisha udongo chunguni, ufunike kwa kitambaa kibichi mpaka kesho.

Rangi nazo zimo jikoni. Koroga kijiko cha manjano katika nusu kikombe cha maji, mpe mtoto mswaki wa mti uliotafunwa ncha ndio brashi yake, apake karatasi nyeupe mpaka iwe jua tupu. Ikikauka, mzazi ayeyushe magadi kidogo katika maji, na mtoto achore kwa maji hayo juu ya ile manjano. Mistari itageuka kuwa myekundu mbele ya macho yake! Tone la ndimu likidondoshwa hapo, manjano hurudi. Sababu yake ni kwamba rangi iliyo ndani ya manjano hubadilika ikikutana na magadi, na ikikutana na uchali hurudi ilivyokuwa. Mtoto hahitaji maelezo hayo. Atataka tu kufanya tena. Magadi yakae mkononi mwa mtu mzima kwa kuwa huwasha macho, na shati la kanisani livuliwe kwanza, maana manjano haitoki upesi.

Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, kijiko kimoja au viwili katika kikombe cha maji. Kwa gundi hiyo na magazeti ya zamani mtoto aweza kubandika vipande alivyochana mwenyewe mpaka vikawa bahari. Karatasi ikunjwe mbele na nyuma, ibanwe chini, nao ni upepeo. Tunaupenda kuliko mapambo mengi kwa kuwa siku ya joto una kazi papo hapo, na mtoto aliyempepea nyanya yake kwa upepeo wake mwenyewe ameshaambiwa ahsante kabla jioni haijafika. Kititia cha karatasi, au cha jani la mnazi kwa wanaojua kukisuka, huzunguka dirishani penye kaskazi. Tiara ingoje jioni na uwanja, na iwe ya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Kuna vitu ambavyo tungependa viondolewe kabisa. Weusi wa betri zilizokufa, ambao zamani wengi waliutumia kupaka mbao za shule, haufai mkononi mwa mtoto. Betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo. Mbegu za mbarika, na zile mbegu nzuri nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watu hutungia shanga, ni sumu zikitafunwa. Na kitu chochote kiwezacho kupenya katika kile kigurudumu cha ndani cha karatasi ya chooni kisiachwe karibu na aliye chini ya miaka mitatu.

Sasa twafika kwenye jambo gumu zaidi, nalo si la vifaa. Kazi ya mtoto huharibiwa mara nyingi na mikono yetu sisi wakubwa. Mtoto amebandika jua pembeni, sisi tunalibandua na kuliweka katikati. Samaki wake ana macho matatu, twaondoa moja. Mwalimu naye, kwa sababu wazazi watakuja kutazama, hukata samaki 30 wanaofanana kwa mkasi wake mwenyewe, watoto wakapaka gundi tu, na ukutani pakapendeza. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Mtoto amejifunza jambo moja, kwamba mikono yake haitoshi, na mwezi ujao atakuambia, “Nichoree wewe.” Walimu wenye watoto wengi katika chumba kidogo twawaelewa, ni vyepesi kukata. Lakini watoto kumi wenye donge la udongo kila mmoja huku wengine wakiimba, kisha wabadilishane, ni afadhali kuliko wote 30 wakisubiri mkasi mmoja.

Katika Kutoka sura ya 31 Besaleli aitwa kwa jina lake kwa ajili ya kazi ya mikono, mbao, mawe na dhahabu. Naye alikuwa mtoto siku moja, na kitu chake cha kwanza hatudhani kilikaa sawa.

Basi mtoto akikuletea kitu usichokitambua, usimwulize, “Hii ni nini?” Swali hilo humwambia kwamba ameshindwa. Mwambie, “Hebu nieleze habari za hiki,” ukae kimya umsikilize. Maneno yake yaandike chini ya kazi, pamoja na jina lake na tarehe, ukitundike kwa msumari mahali penye urefu wa macho yake, wala si urefu wa macho ya wageni.

Mtu ataka kujua zitawekwa wapi nyumba zote hizo za njegere. Haziwekwi muda mrefu. Baada ya majuma machache wadudu huingia. Hapo mwite mtoto, mzitoe njiti pamoja kwa ajili ya kesho, na njegere awatupie kuku yeye mwenyewe.