Deksa na operasyo ya matumbo: usimfiche munganga

Kwenye masoko na farmasi nyingi za Kongo, vidonge vya deksametazone, vile watu wanaita deksa, vinauzwa bila karatasi ya munganga. Wengine wanavimeza ili wanenepe. Lakini deksa si vitamini. Ni homoni ya kiwandani, inafanana na kortizole, ile mwili unajitengenezea kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Siku mtu anapopasuliwa matumbo, deksa inaweza kumletea hatari kubwa.

Tuchukue homa ya matumbo, ao tifoide. Isipotibiwa vizuri inaweza kutoboa utumbo, mara nyingi kwenye juma la tatu la ugonjwa. Kinshasa iliona hayo mwisho wa mwaka 2004: kulikuwa wagonjwa zaidi ya 600 ambao utumbo ulitoboka ao tumbo liliingiwa na uchafu. Hapo vidonge peke yake havitoshi. Daktari anapasua, anakata fasi iliyoharibika, anashona.

Masiku ya kwanza, ni uzi tu unaoshikilia utumbo. Kisha mwili unaleta chembe za damu kusafisha kidonda, unatengeneza kolajeni, ambayo ni kama simenti kati ya matofali. Deksa inapunguza nguvu ya kazi hizo mbili. Kwa mtu aliyeimeza muda mrefu, mshono unaweza kuachia, uchafu ukamwagika tumboni, mara nyingi karibu juma moja kisha operasyo. Tena deksa inaficha homa na maumivu, kwa hiyo watu wanachelewa kujua.

Basi aiache mara moja? Hapana! Ukiimeza majuma mengi, zile tezi zako zinalala. Ukiacha ghafla, na mwili unahitaji kortizole nyingi siku ya kupasuliwa, tansio inaweza kushuka mpaka ukufe. Munganga ndiye anajua kupunguza polepole, ao kukupa homoni kwa sindano wakati wa operasyo.

Kwa hiyo wakikuuliza dawa unazotumia, sema yote: jina, vidonge vingapi kwa siku, tangu lini. Kama unaona haya mbele ya bwana ao mama mkwe, omba kuongea na daktari peke yenu. Ukiwa mlinzi wa mgonjwa na unajua anameza deksa, sema mbele hawajamuingiza kwenye operasyo.