Miraa, muguka na mshipa wa moyo unaojikaza

Wengi hudhani mshtuko wa moyo huwapata wazee na wanene pekee, ambao mishipa yao imezibwa na mafuta. Lakini hata mshipa usiozibwa waweza kujikaza ghafla, kama msuli wa mguu unavyokaza usiku, na kuunyima moyo damu. Mnamo 1959, daktari Myron Prinzmetal wa Marekani na wenzake walieleza maumivu ya aina hii, ambayo humpata mtu akiwa amepumzika.

Wakazi wa Meru, ambako miraa hukuzwa Igembe na Tigania, na wa Embu, ambako muguka ni zao la Mbeere, wana sababu ya kulifahamu jambo hili. Majani hayo yana kemikali iitwayo kathinoni. Kemikali hii huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huku ikikaza mishipa. Hivyo moyo huhitaji damu zaidi wakati ule ule unapopata kidogo. Sigara huzidisha hatari.

Nchini Yemen, utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa watafunaji wengi walishikwa kati ya saa nane mchana na saa sita usiku, saa za kutafuna na baadaye. Mwingine wa 2005 ulionyesha kwamba hatari hukua kadiri mtu anavyotafuna zaidi.

Je, moyo hauna akiba? Unayo. Kuna vijishipa vinavyounganisha mishipa mikubwa, navyo hupanuka iwapo mshipa unazibika polepole kwa miezi au miaka. Chukua mfano wa barabara ya Embu kwenda Meru. Ikiharibika kidogo kidogo, madereva watatafuta njia za pembeni. Lakini daraja likisombwa usiku mmoja, magari yatakwama. Ndivyo ilivyo kwa kijana: vijishipa vyake huenda havijawahi kupanuka.

Ukihisi kifua kinabana, maumivu yakienea begani, mkononi au kwenye taya, ukitoka jasho baridi au kukosa pumzi, usingoje stimu ziishe. Tema majani na uende hospitali mara moja. Usimfiche daktari ulichotafuna, kwani baadhi ya dawa za moyo zaweza kuikaza mishipa zaidi. Aibu ya kusema ukweli ni ndogo kuliko gharama ya kunyamaza.