Majirani Wanapohamana

Huko Marekani vyuo vikuu hufungamana katika vyama vya michezo. Zamani chama kilikuwa cha majirani. Leo fedha za televisheni zavunja ujirani huo. Mwaka 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikiacha chama cha Pac-12, cha upande wa magharibi. Stanford, chuo cha California, kiliingia chama chenye jina la bahari ya Atlantiki! Kijana huvuka nchi nzima kwenda kucheza mpira. Je, atasoma saa ngapi?

Vyuo 7 vya Kikatoliki, Georgetown na Villanova vikiwamo, vilitenda vingine. Mwaka 2013 vilitoka pamoja katika chama kilichotawaliwa na futiboli ya Kimarekani, vikabaki na jina la Big East, vikatanguliza mpira wa kikapu.

Na kesho je? Twadhani vyama vikubwa vitazidi kunenepa, na Notre Dame, chuo cha Kikatoliki ambacho timu yake ya futiboli haina chama, kitabembelezwa sana. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Huenda siku moja waliotawanywa na fedha wakarudi kumtafuta jirani.